Jumuiya Ilipofika kwa Modesta

Mwaka wa pili sasa Modesta alikuwa akiacha cherehani katikati ya mshono kwenda kumgeuza mama mkwe wake, Bibi Kashindye, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Asipomgeuza, mgongo unachubuka. Mumewe, Elias, alifanya kazi Misungwi. Alirudi kila Jumapili, akasema pole, akalala.

Kazi yenyewe angeivumilia. Kilichomkera ni kwamba kwa miaka tisa ya ndoa bibi huyo hakuwahi kumwita kwa jina. "Yule Mhaya wa Elias," ndivyo alivyozoea kusema. Modesta alimwosha na kumlisha uji, lakini moyoni hakusikia upendo wowote. Alisikia hasira tu, kisha aibu kwa sababu ya hasira hiyo.

Jumamosi moja jumuiya yao ya kanisa, ya mtaa wa Mkolani, ikaja kusali kwake. Sebule ikajaa. Mwenyekiti, mzee Nathaniel, alisoma somo la upendo, akalifafanua nusu saa nzima: upendo wa Kristo ndio msingi wa nyumba, ndio afya ya mtu. Katika chumba cha pili, mgonjwa alikuwa amejikojolea. Harufu ikafika sebuleni. Mama mmoja akaziba pua kwa kitenge, na mzee akaendelea kufafanua.

Modesta akasimama.

"Mzee, nisamehe. Leo tuishie hapo."

"Kuna nini, mama?"

"Bibi huyu ni wa jumuiya. Tangu augue mmekuja kumwombea mara sita, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono. Ndoo hizi hapa. Bomba liko kule chini."

Wanne walitoka, mmoja akinung'unika kwamba wanawake wa Bukoba wana kiburi. Mzee Nathaniel alifunga Biblia, akasimama kama asiyejua mikono yake aipeleke wapi, halafu akabeba ndoo na kuteremka kwenye mawe kuelekea bombani. Odeta, jirani wa nyumba ya pili, akaingia chumbani na Modesta. Wakamwosha bibi, wakambeba kwa pamoja hadi uani, wakamkalisha kwenye kiti. Hakuwa ameota jua tangu masika. Akakataa uji, akaomba ugali na sato, akala mpaka akatokwa jasho.

Tangu hapo Odeta huja Jumanne na Ijumaa. Vidonda vya mgongoni vimekauka, na bibi anashika kijiko mwenyewe. Jina la Modesta bado hajalitamka. Mzee Nathaniel hutuma salamu tu.

"Sasa unampenda?" Odeta alimuuliza Ijumaa moja.

"Sijui. Ila siku hizi namsikiliza akiongea, na simwombei tena afe."

Jumapili iliyofuata alimwambia Elias amsaidie kumwosha mama yake. Elias akashtuka: mwana hamwoshi mama, ni mwiko.

"Basi fua mashuka," Modesta akasema, akamsukumia beseni.

Alifua, akimwaga sabuni nyingi mno na kulalamika. Modesta alirudi kwenye cherehani akiwa bado amekasirika.