Jicho Liko Shingoni

Emérite alizikwa mwishoni mwa Januari kwenye makaburi ya kusini mwa Johannesburg, mstari wa thelathini na moja, namba themanini na nane, mahali ambapo upepo hupita siku nzima bila kukutana na mti hata mmoja. Hakuwekewa jiwe. Aliwekewa kigingi cha chuma chenye kibati kilichogongwa namba, kama majirani zake wote wa mstari ule. Mume wake, Anatole Bigirindavyi, alikisoma kibati mara mbili. Mwanamke huyu alikuwa ameshona sare za shule za nusu ya watoto wa Bellevue. Hospitali ilitaka karatasi mpya za ukimbizi kabla ya kumpa kitanda. Karatasi zilipotoka, hakuzihitaji tena. Na sasa aitwe themanini na nane?

Ndiyo maana Anatole akapanda dalia, ua la bustani.

Alikuwa mtunza bustani wa Dona Lurdes, mjane wa Kireno wa Rosettenville, kazi aliyoianza mwezi mmoja tu kabla ya msiba. Bibi yule aliposikia habari hakusema pole. Alichukua uma wa bustani, akapiga magoti, akang'oa shina zima la dalia lililokuwa limechanua, jekundu la kuiva kama damu ya ng'ombe, akalitia kwenye kopo tupu la rangi.

"Mpelekee mkeo," alisema.

Anatole alilipakata kwenye taksi mbili. Likashika. Mpaka mwezi wa tano lilikuwa linatoa maua, na akina mama wa kanisani waliokwenda kumtembelea Emérite hawakuhangaika na vibati. Waliambiana tu: nenda mpaka kwenye ua jekundu.

Kisha sakitu ikaanguka, ule umande unaoganda mweupe juu ya nyasi alfajiri. Asubuhi moja majani ya dalia yalikuwa meusi, yamelegea, kana kwamba mtu ameyapitisha motoni. Anatole alifika kazini uso umemshuka. Dona Lurdes akamweleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: chimba, kausha kivulini, fukia viazi vyake ndani ya maranda ya seremala, weka pakavu, pasipo baridi ya kugandisha wala joto la hita. Mwezi wa tisa, rudisha ardhini. Halafu akainua kidole.

"Na jicho, Anatole. Linda jicho. Bila jicho, hakuna kitu."

Anatole aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mtu wa Mwaro afundishwe macho ya kiazi! Kule milimani kwao Burundi, mtoto anajua kabla hajajua kusoma kwamba kiazi mviringo kina macho kila upande. Kikate vipande vinne, vyote vinne vitaota. Alikuwa amelima viazi miaka ishirini kabla ya kukimbia. Hilo la jicho alilisikia na kuliacha hapo hapo bustanini.

Jumapili akaenda makaburini akachimba. Viazi vya dalia vilikuwa kama vidole vinene vilivyoshikana kwenye kisiki cha shina. Alivikwanyua kimoja kimoja, akakata shingo zao nyembamba kwa kisu ili zisije zikaoza, akapata vidole kumi na vinne, safi, laini, mbegu ya kumwonyesha mtu yeyote. Kisiki na mabua yake alikirudisha shimoni akafukia, kama wafanyavyo wote kwao siku ya mavuno ili mabua yawe mbolea. Mkono ulifanya wenyewe. Kichwa kilikuwa kwa Emérite.

Nyumba aliyokaa Bellevue ilikuwa nyumba ya familia moja zamani. Sasa ilikuwa imekatwakatwa kwa mbao nyembamba, ikawa vyumba saba. Boksi la dalia lilikaa chini ya kitanda, mbali na dirisha lililovunjika, mbali na hita ya mafuta ya taa. Kila Jumapili alilifungua. Kiazi kilichonyauka alikinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Chenye ukungu alikikwangua. Julai baridi ilipozidi, alitwaa blanketi la Emérite akalifunika boksi, yeye akalala na koti.

Upande wa pili wa ubao alikaa Pitchou, kinyozi kutoka Bukavu, mtu wa maneno mengi. Siku moja Anatole alimkuta amechuchumaa mbele ya boksi, sufuria mkononi.

"Papa, kumbe unaficha viazi vitamu! Sisi tunakufa na njaa huku, wewe unavilaza na blanketi?"

"Weka chini."

"Kimoja tu, Papa. Nitakuletea mchuzi."

"Pitchou! Hivyo ni vya mke wangu."

Pitchou akavirudisha kimoja kimoja kama anayerudisha mayai. Tangu siku hiyo, akisikia mgeni anaingia chumbani kwa Anatole, alipiga kelele kupitia ubao: "Usikanyage Mama!"

Lakini Anatole hakuwa analinda maua tu. Kwao msiba hauishi siku ya mazishi. Unaisha siku ya kuganduka, mwaka unapokaribia kutimia, watu wanaporudi kumuaga marehemu mara ya mwisho na kumwambia aliyebaki: basi, sasa unaweza kucheka. Emérite alikuwa na mdogo wake, Belyse, msusi wa Berea, na watu wa kanisa waliokuwa tayari kuja Januari. Wangekuja wapi kama si kwenye ua jekundu?

Septemba alikwenda na Pitchou, jembe begani, boksi kifuani. Walifika kwenye mstari wa thelathini na moja, Anatole akasimama.

Vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Vyote. Chuma kina mnunuzi katika mji huu, hata chuma cha maiti. Nyasi zilikuwa zimechomwa, ardhi nyeusi, na matofali manne aliyoyaacha kama alama hayakuwapo. Matuta yalifuatana, yamefanana.

Karani wa makaburi alikuja na daftari lake kubwa, akahesabu hatua kutoka njiani, akarudi, akahesabu tena.

"Eish, baba," alisema hatimaye. "Ni moja kati ya haya matatu."

"Moja kati ya matatu?"

"Mstari umesogea. Wameongeza makaburi ya watoto pale mwanzoni. Pole, baba."

"Wewe ungemwambia mama yako hivyo?"

Karani aliangalia daftari. "Mama yangu yuko mstari wa kumi na tisa," alijibu polepole. "Na yeye hana kibati."

Anatole alilishusha boksi chini. Aliamua kupanda kwenye matuta yote matatu, vitano, vitano, vinne. Kwa hesabu yake mmoja wao angekuwa Emérite, na wale wengine wasingekataa maua. Pitchou alichimba, yeye akafuata akipanda kwa mikono. Kulikuwa na magugu na mizizi migumu, Pitchou akiing'oa na kuitupa njiani bila kutazama. Safari moja aliinua kitu cheusi kilichojaa udongo.

"Papa, hii njo nini? Iko na kichipukizi."

Anatole aliinua macho kidogo tu. Aliona bua lililooza.

"Takataka hiyo. Tupa."

Pitchou akatupa.

Wiki tano zilipita. Mvua za kwanza zilinyesha. Juu ya matuta matatu hakuna kilichotoka ila magugu.

Mwishoni mwa Oktoba Dona Lurdes alitoa dalia zake gereji, akakaa uani juani na kisu kidogo. Aliviacha viazi vimeshikana na kisiki, hakuvikwanyua hata kimoja; alikuwa anakata kisiki chenyewe, taratibu, kila kiazi kitoke na kipande chake cha shingo. Anatole alisimama akimtazama.

"Kwa nini hivyo, Dona?"

Akamwonyesha kwa ncha ya kisu. Pale kiazi kinapokutana na shina palikuwa na kinundu chekundu, kidogo kama chunusi. "Jicho. Liko shingoni tu. Mwilini hakuna. Ukikata shingo, unabaki na nyama. Haioti." Alimwangalia. "Nilikuambia."

Anatole aliona vidole vyake kumi na vinne, vyeupe, safi, vipofu. Kisha akaona kitu kingine. Macho yote yalibaki kwenye kisiki. Kisiki alikirudisha shimoni kwa mikono yake. Kilikaa pale baridi yote juu ya kifua cha Emérite, bila maranda, bila blanketi, na kilikuwa kimeanza kuota. Kilikuwa kinamwonyesha lilipo kaburi lake, naye akasema kitupwe.

Hakungoja jioni. Kule makaburini kisiki kilikuwa bado njiani, kimelala ubavu, chepesi kama pumba. Kichipukizi kilivunjika alipokigusa. Kilitupwa katikati ya njia, kikapigwa teke na wapita njia. Huwezi kusema kilitoka upande gani.

Alimkuta Pitchou kinyozini, mashine mkononi, mteja kitini.

"Ile takataka yenye kichipukizi. Ulichimba kwenye tuta lipi?"

"Ipi, Papa?"

"Ile uliyoniuliza!"

Pitchou alizima mashine. Alifikiri mpaka jasho likamtoka, maana aliona uso wa mzee. "La katikati," alisema. Kisha: "Au lile la kwanza. Papa, wewe ndiye ulisema tupa."

"Ni mimi," alisema Anatole. "Ni mimi niliyesema."

Dona Lurdes alimpa vipande vitatu, kila kimoja na jicho lake. Hakuuliza kwa nini vitatu.

Siku ya kuganduka walikuja watu kama thelathini. Matuta matatu yalikuwa yamechanua, mekundu vilevile, na wageni wakasimama njiani wakitazamana. Anatole alikuwa amejiandaa kudanganya. Njia nzima alikuwa amejizoeza: kidole, tuta la katikati, basi.

"Shemeji," aliuliza Belyse, "dada yangu ni yupi?"

Mkono ukagoma kuinuka.

"Sijui."

"Hujui nini?"

Akawaeleza yote mbele ya watu: vigingi, daftari, shingo alizozikata kwa kujiona mjuzi, kisiki alichokiita takataka.

"Umempoteza," alisema Belyse.

"Nimempoteza."

"Alipotezwa na hospitali, akapotezwa na ofisi, halafu nawe?"

"Nami."

Belyse aligeuka akalia kwa kelele, akimlilia dada yake na kumtukana shemeji yake kwa Kirundi, na hakuna aliyemzuia. Alipomaliza alijifuta kwa kitenge, akayatazama matuta.

"Na hawa wawili ni akina nani?"

"Themanini na saba na themanini na tisa."

"Hawana watu?"

"Sijawahi kuona mtu."

"Huenda ni Wazulu hawa, Mama," alinong'ona Pitchou.

"Basi watasikia Kirundi leo," alisema Belyse kwa ukali. Akaenda mwenyewe kwenye tuta la kwanza, akaanzisha wimbo. Wakaimba mara tatu, wakaomba mara tatu, jua likiwachoma, na kila mara walipofika kwenye jina walisema Emérite, kwa kuwa hawakuwa na jina lingine la kusema.

Mwishoni, kama ilivyo desturi, wakamwambia Anatole kwamba msiba umekwisha na sasa anaweza kucheka. Aliwashukuru. Hakucheka.

Mei sakitu itaanguka tena. Anatole ameanza kukusanya maranda kwa seremala wa jirani, magunia mawili tayari, ya kufunikia matuta yale matatu. Safari hii hachimbi.