Kwenda Yanonge Kumpigia Mama Lokole

Mama alifia Kisangani, nasi tukamzika huko huko, kwa misa nzuri na kwaya mbili. Lakini alipokuwa mgonjwa aliniomba jambo moja: "Mutoto wangu, mukanipigie lokole Yanonge." Lokole ni gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa watu wa mtoni, hilo ndilo linalotangaza msiba. Kila mtu alipewa jina lake la lokole, sentensi nzima inayopigwa kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maneno yake, na lisipopigwa, kwao hujafa, umepotea tu. Basi nikafunga safari.

Asubuhi, bandarini Makiso, hapo hapo Kisangani. Boti ya mbao ilijaa magunia ya chumvi, marobota ya vitenge na mbuzi mmoja mwenye kelele kuliko abiria wote. Nahodha aliapa tunaondoka sasa hivi, na jua lilikuwa limeshatuchoma vichwa injini ilipowaka. Nilipita njia hii na mama nikiwa mdogo, akinitajia kila kijiji. Safari hii nilivitazama vikipita na sikukumbuka hata kimoja.

Alasiri, Yanonge. Ni mji wa barabara moja inayofuatana na mto, na michikichi imepangwa pande zote mbili. Zamani meli zilitia nanga hapa kupakia mchele na mawese. Maghala ya matofali bado yamesimama, ila mabati yamekwenda na miti imeota ndani. Sokoni wavuvi hukaa ndani ya mitumbwi, wakulima hukaa nchi kavu, na samaki hubadilishwa kwa muhogo huku matusi ya utani yakiruka juu ya maji. Niliupenda mji ule, na iliniuma kuupenda nikiwa msibani.

Mama leki, mdogo wake mama, alinipokea kwa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kuchoma. Alinikumbatia, akaniuliza habari za safari na za watoto. Hakulia. Nilikasirika, maana habari ya kifo tulimpa kwa simu siku ile ile.

"Ya telefone nilisikia," akasema. "Miye nangojea lokole."

Kulipokucha tulikwenda kwa Tonton Faustin, mzee anayepiga lokole ya kanisa. Alikung'uta vumbi kwenye gogo, akashika fimbo zake.

"Bon. Jina yake ya lokole iko nini?"

Nikamtazama mama leki. Mimi sikuwahi kumuuliza mama.

"Ya papa yetu najua," mama leki akasema. "Ya yaya, mukubwa wangu... kaka yetu alikuwa anamuita nayo, yaya akiwa kule ku mto, arudie kula. Kaka naye alishakufa. Maneno imenipotea."

Akajifunika uso kwa kitenge. Nilijua basi, nimemwangusha mama, nitarudi mikono mitupu. Halafu, chini ya kile kitenge, akaanza kuvumisha kwa pua, polepole: chini, chini, juu, chini, juu, juu. Akasita. Akaanza upya.

"Ni vile," akasema. "Sauti yake iko."

Tonton Faustin alisikiliza, kisha akapiga vile vile.

"Inasema nini, miye sijue," akamwambia. "Lakini ni yeye?"

"Ni yeye."

Hapo ndipo mama leki alipoangua kilio. Tonton akaongeza jina la baba yao na tangazo la kifo, akarudia, akarudia tena. Wanawake wa mtaa wakatoka majumbani, wengine na unga mikononi, wakaketi chini pamoja nasi. Nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Kurudi, boti ilipanda mto taratibu, ikishindana na maji. Nilijifunza kwamba mji mdogo unaweza kukutunzia mtu wako hata maghala yake yakianguka, ila hauwezi kutunza kila kitu, na wa kuulizwa hawangoji.

Sasa niko Kisangani. Nikipika navumisha jina la mama yangu, chini, chini, juu, na silikosei. Linasema nini, hakuna aliyebaki wa kuniambia.