Jogoo wa Ruguru Hanadiwi

Kuna uozo unaopakwa manukato, nami nimeunusa ndani ya kanisa letu, juu kidogo ya mji wa Runyenjes. Aliyeufunua ni Ruguru, mjane anayechuma majani chai yake mwenyewe na kufuga kuku nyuma ya jiko.

Miaka mitatu iliyopita kanisa lilimtuma mwanawe, Munyi, kuwa mmisionari Msumbiji. Ruguru hakulia. Nyanya yake alioshwa donda la mguu na kufundishwa kusoma na katekista mgeni, mtu aliyefika huku bila kujua hata salamu zetu. "Sisi tuliletewa," Ruguru huniambia. "Aliyeletewa chakula harudishi sahani tupu." Hiyo ndiyo sababu ya makanisa kutuma watu mbali, na ni sababu safi. Wanaoichafua ndio wanaonitapisha.

Kwetu sadaka ya mavuno hunadiwa kanisani. Jogoo akishanunuliwa, mnunuzi humrudisha mbele anadiwe tena, huku watu wakicheka na kupiga makofi. Lakini kilichokwisha kutolewa madhabahuni hakiulizwi. Kukiuliza ni kama kumnyang'anya Mungu. Kwa Ruguru, Munyi naye alikuwa sadaka. Hakumuuliza analala wapi wala anakula nini. Walisalimiana kwa simu, wakaomba, wakaagana. Ukimya huo wa mama mcha Mungu ndio uliowanenepesha wanakamati wa misheni, wanaoshika pesa za mnada na za wafadhili kwa ajili ya Munyi.

Ijumaa moja, wakiwa katikati ya maombi, Ruguru alisikia matone yakigonga sufuria upande wa pili wa simu.

"Munyi, hiyo ni mvua gani inayonyesha ndani ya nyumba?"

"Mama, tuombe tu."

"Nimekuuliza!"

Upepo ulikuwa umelichukua paa la nyumba yake tangu mwaka uliopita. Kamati ilikuwa imetutangazia kwamba mabati ya nyumba hiyo yamemfikia.

"Wanataka kwanza picha ya watu wengi wakibatizwa," Munyi alisema. "Mimi nina wazee wanne wanaojifunza, na hawako tayari. Siwezi kuwatumbukiza mtoni kwa ajili ya picha."

"Si kamati ilikuja kukutembelea?"

"Walifika Maputo, Mama. Wakasema barabara ya huku ni mbaya."

Jumapili, mwenyekiti wa kamati, Ndambiri, alisimama na kipaza sauti, tumbo likitangulia suti. Alimwinua jogoo mwekundu wa Ruguru.

"Jogoo wa Mama Mmisionari! Huyu akiwika hapa, Msumbiji wanaamka! Nani ataanza?"

Ruguru aliondoka kwenye kiti cha mbele alichopewa kwa heshima ya mwanawe, akamtwaa jogoo mikononi mwake.

"Huyu hanadiwi. Mwenyekiti, mabati ya mwanangu yako wapi?"

"Mama Munyi, sadaka haiulizwi. Wewe mwenyewe unajua."

"Sadaka nilimpa Mungu. Wewe nakuuliza kama Ndambiri."

Wengine waliguna. Ndambiri alitabasamu kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Wafadhili wetu wa mjini wanataka matunda, Mama. Shamba lisilozaa unalitilia mbolea ya nini?"

"Na nyinyi mliokula mbolea yenyewe, mmezaa nini?"

Mchungaji alianzisha wimbo upesi. Waumini, watu wazima wenye akili timamu, wakauimba kwa sauti ili wasisikie. Ruguru alitoka na jogoo wake kwapani, nami nikatoka naye. Hakuna mwingine aliyeinuka. Nimewahi kuona wizi mwingi, lakini ule wimbo ulinichukiza kuliko wizi wote.

Siku ya soko Ruguru alimuuza jogoo pamoja na mbuzi, akamtumia Munyi pesa za mabati. Munyi alipiga simu jioni ile ile.

"Mama, majirani wameniezekea nyasi juzi. Tena wao ndio wanaonilisha mihogo tangu kamati iache kutuma pesa."

Mwana wa Ruguru alipelekwa kuwalisha wale watu neno, nao walikuwa wamemlisha kwa mikono yao, bila kudai picha.

"Basi nunua sufuria kubwa na mchele," alisema, "uwapikie wote. Usiwarudishie sahani tupu. Na wale wazee wanne usiwaharakishe."

Tangu siku ile huuliza kila Ijumaa: umekula, umelala pakavu? Kiti chake cha mbele sasa hukaliwa na mke wa Ndambiri. Na Jumapili iliyopita walinadi malenge, kwa jina la Munyi.