Mpe Yeye Kwanza

Mume wangu alikufa stesheni ya Nakuru saa nne asubuhi, katikati ya mabehewa mawili. Kazi yake ilikuwa kuyaunganisha. Aliyeshika bendera siku hiyo ni jirani yetu wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa pili kutoka kwetu, na bendera ya kijani iliinuka kabla mume wangu hajatoka. Injini ikasukuma. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, askari kila kona wakidai kitambulisho cha kipande, na kila asubuhi nilikuwa nikiombea mume wangu asipatwe na jambo njiani. Sikuwahi kumwombea akiwa kazini, maana kazini alikuwa na rafiki yake, jirani huyo huyo.

Nyumba ya reli ni ya mwenye kazi, kwa hiyo nilihamia chumba kimoja Bondeni na binti yangu wa miaka mitatu. Mama mkwe akaja kutoka kwetu magharibi kwa gari la moshi. Hata kabla hajafungua kanga aliyofungia vitu vyake, alinipa sheria.

"Wewe na huyo mtu sasa iko damu katikati," alisema. "Usikule naye, usikunywe naye, hata maji. Kikombe ikitoka kwa mdomo yake ikuje kwa yako, huyu mtoto atakwisha."

Kwetu damu ya namna hiyo huoshwa. Wazee hukaa, kondoo huchinjwa, ndipo watu hula pamoja tena. Lakini mama mkwe hakutaka kusikia habari za kondoo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa na mwana huyo mmoja tu.

Sikubisha. Mimi, Mkristo wa kubatizwa, mwimbaji wa kwaya, niliamini kila neno. Tena nitasema ukweli: sheria ile ilinifaa. Ilinipa ruhusa ya kumchukia mtu bila kuonekana mbaya. Nikikutana naye sokoni nilivuka barabara nikiwa nimemfunika mtoto uso. Mwaka mzima sikulia hata chozi moja, na kila nilipopiga magoti niliomba jambo moja, kwamba mtu yule afe. Niliomba kwa adabu, nikimaliza na amina.

Padri wetu alikuwa na makanisa mengi ya kuzunguka, kuanzia Rongai mpaka huku mjini, kwa hiyo Meza ya Bwana tuliipata mara moja kwa miezi mitatu. Jirani hakuwa amekanyaga kanisani tangu msiba. Jumapili hiyo nilikwenda mbele, nikapiga magoti mwisho wa mstari, nikafumba macho. Nikasikia mtu akipiga magoti upande wangu wa kulia. Nilipofumbua macho niliona mikono kwanza, ile mikono mipana yenye makovu ya minyororo ya mabehewa, nikaijua. Yeye naye alikuwa ameinamisha kichwa, hakuwa ameona amepiga magoti karibu na nani.

Mkate ukapita. Kisha padri akaanza na kikombe kutoka kulia. Kanisa letu lilikuwa na kikombe kimoja tu cha fedha, na watu wote walikinywea. Angekunywa yeye, kisha mimi.

Nyuma yangu nilisikia benchi likilia, nikajua mama mkwe amesimama na mtoto mgongoni. Niliona njia mbili na zote zilinitisha. Nikiondoka, nitakuwa nimeikataa damu ya Kristo mbele ya kanisa zima. Nikinywa, nitakuwa nimemzika mtoto kwa mkono wangu.

Kikombe kikafika kwake. Akainua macho, akaniona. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja na kutikisa kichwa.

"Pitisha, padri," alinong'ona. "Iko mtoto."

Padri akasimama na kikombe mkononi. Kisa chetu alikijua. Mji mzima ulikijua. Na mimi nikakasirika. Sijui kama alikuwa Roho Mtakatifu au ni hasira zangu za kuzaliwa. Mtu huyu alikuwa tayari kurudi nyumbani na kiu ya roho yake ili mwanangu aishi, na mimi mwaka mzima nilikuwa nikimwombea kifo. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto.

"Mpe yeye kwanza," nikamwambia padri.

Jirani akanywa. Padri akapangusa ukingo kwa kitambaa, nami nikanywa. Nyuma mama mkwe alipiga ukelele mmoja, akatoka nje na mtoto.

Jumanne mtoto akaanza kukohoa. Jumatano mwili wake ulikuwa moto. Mama mkwe hakunilaumu kwa neno. Alikaa tu mlangoni akinitazama, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mimi sala ndefu zilinishinda. Nilisema, "Bwana, nimekunywa. Usiniaibishe."

Jioni hiyo tulikuwa na chai mezani tukasikia hodi. Ni jirani, kofia mkononi, amesimama nje ya kizingiti.

"Shemeji, nimesikia mtoto ni mgonjwa."

Nikamwambia aingie. Akamtazama mama mkwe, hakuingia. Ndipo yule mama akauliza swali ambalo mwaka mzima hakuna aliyeliuliza, maana hakuna kati yetu aliyekubali kuketi na jirani.

"Mwanangu alisema nini?"

Jirani akapiga magoti palepale mlangoni. "Nilimshika, mama. Alisema, 'Si wewe. Mimi niliteleza.'" Akaiweka kofia chini. "Lakini hakuteleza. Niliinua bendera mapema. Yeye alijua, na mimi najua. Alisema vile ndio nisibebe mzigo."

Chozi langu la kwanza lilianguka juu ya meza, na baada ya hapo sikuweza kuyazuia machozi. Mwaka mzima nilikuwa nikilinda kinyongo kwa niaba ya mtu ambaye alikuwa amesamehe kabla hajakata roho.

"Huyo kijana yangu," mama mkwe akasema, "toka utoto hakujua kudanganya." Akajifuta uso kwa leso. Kisha akakisukuma kikombe chake mwenyewe, alichokuwa amekinywea nusu, mpaka ukingoni mwa meza upande wa mlango.

Nyuma ya pazia mtoto akakohoa. Sote watatu tuliganda.

"Ingia ukunywe," mama mkwe akasema. "Chai inapoa."

Akaingia, akanywa. Mama mkwe akakipokea kikombe kutoka mkononi mwake, akanywa kidogo, akanipa mimi tone la mwisho. Homa ya mtoto ilishuka Ijumaa, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kunywa Jumatano.