Sumaku ya Tadija na mforosadi wa Kata

Ukungu wa mto Sava haujaondoka, na Tadija Jurkić ameshapiga magoti uani mbele ya gogo la mforosadi. Shoka liko kando. Mkononi ana sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Anaipitisha taratibu juu ya gome, kutoka shinani kwenda juu.

"Anaupima mti kama daktari," anacheka mkewe, Ruža, akileta kahawa. "Mimi miaka yote mgongo unaniuma, hajanipima hata siku moja."

"Wewe huna chuma," anamjibu Tadija. "Una ulimi tu."

Tadija, 58, ndiye fundi wa mapipa pekee aliyebaki katika kijiji hiki cha Bosnia, ambako kila nyumba yenye miplamu hupika rakia yake, pombe kali ya plamu. Kupika wanajua wote. Kuchagua mti wa kuizeeshea ndiko kunakowaleta kwake.

Mwaloni siku hizi unapakiwa kwenye malori kwenda nje, na unaobaki bei yake haishikiki. Mcheri una utamu lakini huvuja. Mforosadi ndio mti wa mnyonge: kwa miezi michache tu huipa rakia rangi ya asali, na harufu ya plamu inabaki palepale. Pipa la lita hamsini humchukua wiki mbili na kumpa marka mia tatu.

"Shida ni kwamba mforosadi wa huku ulikaa vitani kama sisi," anasema. "Nao ulikula chuma."

Hilo alijifunza kwa aibu. Aliwahi kumtengenezea jirani pipa la harusi bila kujua kwamba mti ulikuwa umemeza kipande cha bomu. Siku ya kulifungua, rakia ilitoka nyeusi kama wino mbele ya wakwe. Wapo waliosema bibi harusi ana mkosi. Tangu hapo sumaku haitoki mfukoni.

Gogo la leo ni la Kata Dujmić, 71, jirani yake. Mti ulisimama uani kwake hadi ulipokauka kiangazi kilichopita. Wakati wa vita vya miaka ya tisini Kata alivuka mto na watoto. Mumewe, Pejo, alibaki kulisha ng'ombe. Hakuonekana tena. Kuna mtu alisema alimwona akipandishwa basi, na neno hilo moja limemfanya Kata asubiri mpaka leo. Kila vuli humwekea mumewe rakia kwenye mtungi wa kioo.

"Kwenye kioo haizeeki," Kata huwaambia watu. "Pejo akirudi atanikuta mimi kikongwe, rakia bado changa. Nataka pipa la mti wake."

Sumaku inanata. Tadija anapiga shoka, gogo linapasuka. Ndani ya mti wa njano kuna doa la buluu iliyoiva, na katikati yake risasi. Pembeni yake nyingine. Ziko tano, zimejipanga kwenye mstari mmoja. Anapima kutoka shinani: zinamfika kifuani.

Ruža ameacha kucheka. "Usimwambie, Tadija. Mwachie mwenzio basi lake."

Mwandishi wa habari hii naye alitamani fundi amsikilize mkewe.

"Pipa naweza kulitoa huku juu, ni safi," anasema Tadija. "Lakini nitamkabidhi vipi, nimwambie amwekee Pejo?"

Anazifunga risasi kwenye leso na kwenda. Kata anazipokea mlangoni, anazitazama bila kuketi.

"Zilikuwa wapi?"

Tadija anaweka kiganja kifuani pake.

"Pejo alikupita urefu kwa kichwa kizima," anasema Kata. Anashika tumbo lake mwenyewe. "Basi hakufa upesi."

Tadija analia. Kata halii.

Tume ya kutafuta waliopotea imeahidi kuja kuchimba uani kwa Kata mvua zikikatika. Tadija anaomba wapate japo mfupa mmoja wa kuzika. Kabla hawajafika anataka awe amemaliza pipa, kwa mti wa juu, ambao sumaku imeupitia mara mbili.

"Lita hamsini kama tulivyosema, dada Kata?"

"Tengeneza dogo, jirani," anajibu Kata, akiikunja leso. "Rakia ya matanga haingoji kuzeeka."