Profesa Alianguka Ukurasa wa Kumi na Mbili

Juzi nilipanda toleka, yaani baiskeli ya teksi, kwenda Makiso, katikati ya mji. Mbele yangu toleka mbili zilienda sambamba: moja imebeba profesa wa sheria, nyingine mwanafunzi wake akimsomea mémoire yake ya kumaliza masomo kwa sauti, maana ofisini profesa hapatikani. Mada: ajali za toleka, na nani alaumiwe.

Kwenye ukurasa wa kumi na mbili, palipolaumu abiria, profesa alikata hewa kwa kalamu. "Toa hiyo. Kosa siku yote iko ya chauffeur."

Chauffeur wake, mwenye baiskeli, akageuka kumtazama. Wakaingia shimoni.

Profesa aliinuka na matope hadi kwenye miwani. Mwanafunzi akauliza taratibu, "Professeur, niandike nini sasa?"

"Andika kama client wa nyuma alikuwa anasumbua chauffeur," akajibu mwenye baiskeli.

Profesa akafuta miwani, akafikiri. "Bon. Weka ile kwa conclusion, pale mwisho."

Siku ya kutetea mémoire, jopo lisisahau kiti cha mwenye baiskeli.