Nimeshapoa

Juzi, kwenye duka la dawa pale Silver Spring, huku Marekani, mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alifungua kopo la krimu nyeupe akainusa kabla ya kulipa. Harufu ikanifikia: nta, waridi, na kwa mbali kitu kama maziwa yaliyokaa juani. Nilitoka nje bila kununua nilichokifuata. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nikasimama kwenye maegesho ya magari nalia kama niliyepigiwa simu ya msiba. Basi niwaeleze, maana jambo hili nimelibeba muda mrefu, na ninyi hamnijui, kwa hiyo ni rahisi kidogo.

Harufu ile ilikuwa ya Bi Nora Wexcombe. Alikuwa Mwingereza, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, na nilipomfahamu, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuwa amevuka themanini na simu yake haikulia tena. Aliishi Greenbelt, katika nyumba ndogo yenye ngazi za mbao katikati, peke yake tangu mumewe Mmarekani alipofariki. Mama yangu ndiye aliyemtunza. Sisi tulikuwa watu wa Tanga tuliohamia Adelphi, kwenye yale maghorofa ya matofali karibu na University Boulevard, na kila asubuhi mama alipanda basi kwenda kwa Bi Nora. Jumamosi, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, alinichukua. Nilikuwa na miaka tisa.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja, na aliyeiweka alikuwa Bi Linda, binti wa kambo wa Bi Nora, aliyekaa ng'ambo ya mto, Virginia. Bi Linda alitaka mzee apelekwe kwenye nyumba ya wazee. Bi Nora alikataa katakata. Wakakubaliana hivi: atabaki kwake maadamu mama yupo naye, lakini akianguka hata mara moja, basi, anahamishwa. Bi Nora aliziogopa nyumba zile kuliko kaburi. Alisema huko wanakuketisha mbele ya televisheni isiyozimwa, wanakupaka uji mdomoni na kukuita "mpenzi" kwa sababu hawajui jina lako. Mama alikuwa akimshika mkono hata kuvuka zulia.

Maisha yake alinisimulia vipande vipande, mimi nimekaa sakafuni, yeye akijipaka krimu ile usoni kana kwamba bado kulikuwa na rangi za kuondoa. Baba yake aliuza samaki katika mji wa viwanda vya sufu, kaskazini ya Uingereza. Akiwa na miaka kumi na minne alitoroka na kundi la waigizaji wanaozunguka, na sehemu yake ya kwanza ilikuwa kubeba sinia na kusema, "Chai tayari, bibi." Miaka miwili alisema hilo tu. Baadaye London, akawa mjakazi, kisha mke wa mtu, kisha malkia. Wakati wa vita taa zilizimika katikati ya mchezo, mabomu yanasikika, na watazamaji wakakataa kuondoka, nao waigizaji wakaumaliza mchezo kwa mishumaa. Halafu filamu tano, na katika nne kati ya hizo alikufa. "Nilikufa vizuri," aliniambia. "Wakaona ni upuuzi kuniacha hai." Alipomfuata mume Washington kazi ikakatika. Hapa walimwita tu walipotaka bibi wa Kiingereza wa kumimina chai, na mara ya mwisho kabisa ilikuwa tangazo la biskuti.

Alikuwa na kaseti moja ya video, filamu yake iliyorekodiwa kutoka kwenye televisheni na matangazo yake yote ndani. Mama hakuipenda filamu yenyewe, alisema watu wanaongea mno, kwa hiyo tuliipeleka mbele mpaka pale Bi Nora anapoanguka. Alikuwa kijana, gauni jeupe, anashuka ngazi, anageuka kumtazama mtu, kisha anaanguka chini mpaka sakafuni bila kutoa sauti. Mama kila mara alishika kifua. "Pole jamani!" aliiambia televisheni, na mwenye kuanguka amekaa ubavuni mwake anakula mkate na siagi.

Hilo neno pole lilimsumbua sana Bi Nora mwanzoni. Kiingereza cha mama kilikuwa cha shule ya msingi, na huko walifundishwa kwamba pole kwa Kiingereza ni *sorry*. Kwa hiyo Bi Nora akikohoa, mama anasema sori. Akigonga goti mezani, sori. Akirudi kutoka kwa daktari, akinyeshewa na mvua, akikosa usingizi, sori, sori, sori sana Bi Nora. Mpaka siku moja mzee akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Huyu mama yako anaomba msamaha wa nini?" aliniuliza. "Mvua kaileta yeye?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba ile. Mama alinisemesha Kiswahili, nikamjibu Kiingereza, kama watoto wengi wa majengo yetu. Nikafikiri kidogo nikamwambia Bi Nora kwamba siyo msamaha. Ni kama sori, ila hujafanya kosa lolote. Ni kusema, nimeona kwamba inakuuma.

Alikichukua tena kikombe chake. Kisha akasema kwamba huko jukwaani alikuwa na mwanamke wa kumvalisha nguo, na usiku mchezo ulipoharibika mwanamke yule alimwekea mkono begani, hakusema kitu. "Kumbe jambo lile lina neno lake," alisema.

Tangu hapo hakukuwa na wa kumshika. Alimpa pole mleta barua. Aliipa pole birika iliyotobolewa na kutu. Mama akamfundisha na jibu lake, na hilo ndilo alilolipenda zaidi, maana lilimpa nafasi ya kutoa ile sauti yake ya kufika viti vya nyuma. Mama akisema, "Pole, Bi Nora," yeye anainua kidevu: "Nimeshapoa!" Hata kama hajapoa hata kidogo. Mama alicheka mpaka anafuta machozi kwa kanga, na mimi sikuwa nimezoea kumwona mama akicheka tangu tuje Marekani.

Mimi nilichotaka ni kuanguka. Bi Nora alinifundisha juu ya zulia, yeye kitini anaelekeza kwa fimbo: legeza magoti, kisha nyonga, kisha bega, kichwa mwisho, na pumzi uitoe, usiishike. Nilifanya mazoezi kwetu mpaka jirani wa chini, mama mmoja Mkongomani, akapanda kugonga mlango. "Weye mutoto," alisema, "juu ya nini unaangukaka kila siku? Uko na malali, uko mugonjwa?" Mama akaniahidi kipigo. Lakini niliangusha mwili wangu vizuri, na nilijua.

Jumamosi moja ya Oktoba mama alikuwa nyuma ya nyumba anakung'uta mablanketi. Nilianguka zuliani mara mbili, Bi Nora akatikisa kichwa, bado. Nikamwambia zulia si ngazi. Nikamwomba anionyeshe ile yenyewe. Akasema hapana, mama yako atanitafuna. Nikabembeleza. Akasema hapana. Hapo nikasema neno ambalo hata leo sijui mtoto wa miaka tisa hulitoa wapi.

"Au umesahau?"

Aliinuka kitini. Akaweka fimbo chini. Akashika ukuta, akapanda ngazi tatu, tatu tu, akageuka. Uso wake ukabadilika, nawaambia, nilimwona yule wa kwenye kaseti. Kisha akaachia.

Magoti, nyonga. Nikasikia sauti, kama mtu anavunja muwa kwenye goti. Bega. Kichwa mwisho, taratibu kabisa. Alikuwa chini, ametulia, gauni limekunjuka vizuri, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga makofi. Nilipiga makofi mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake.

"Niliteleza," alisema kwa Kiingereza, polepole. "Umenisikia, Zuhura? Ulikuwa jikoni. Mimi niliteleza."

Mama aliingia mbio. Alipiga magoti, akamwekea kanga chini ya kichwa, akapiga simu mwenyewe kwa Kiingereza chake, anwani yote bila kukosea. Kisha akashika mkono wa mzee, anasema pole, pole Bi Nora, pole mama yangu, mfululizo. Walipomweka kwenye machela Bi Nora alikuwa mweupe kama karatasi. Akainua kidevu. Sauti haikutoka, lakini midomo niliisoma: nimeshapoa.

Bi Linda alitukuta hospitali, kwenye ukumbi wa kusubiri. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa amekimbia, kola ya koti imekunjika ndani. Aliuliza nini kimetokea. Mama alisimama, na Kiingereza chote kikamkimbia.

"Pole sana, dada," alisema. "Pole kwa mama. Poleni sana jamani."

Bi Linda akanigeukia. "*What is she saying?*"

"*She says she's sorry*," nikasema. "*She says she's very, very sorry.*"

"*Sorry for what?*"

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na kipande cha plasta kimeganda kwenye kigae, na nakikumbuka mpaka mkunjo wake. Mama akasikia neno moja analolijua. Akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, kwa heshima zote za Tanga.

"Yes," alisema. "*Sorry. Very sorry.*"

Bi Linda hakupiga kelele. Alifunga macho kidogo, akaenda kwenye simu ya ukutani. Jumatatu wakala aliyempa mama kazi alimpigia: mwajiri anasema umekiri uzembe, kazi hakuna, barua ya sifa hakuna. Mama alikaa na mkono wa simu mapajani. "Nimekiri nini?" aliniuliza. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba sijui.

Bi Nora alipelekwa kwenye nyumba ya wazee, Virginia. Mama alikwenda huko kwa treni na mabasi mawili, na chupa ya chai ya tangawizi ambayo mzee alikuwa akiiita supu na kuimaliza. Aliambiwa mapokezi kwamba jina lake haliruhusiwi kuingia. Akaiacha chupa pale mezani. Nilikuwa naye. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi na nilisikia televisheni.

Theluji haikuwa imekwisha Bi Nora alipofariki. Rafiki wa mama aliyefanya usafi katika ofisi moja alituletea gazeti lenye mistari michache: mwigizaji wa zamani, Mwingereza, akumbukwaye kwa kuanguka ngazini katika filamu. Chini waliandika kilichomuua ni matatizo yaliyotokana na kuanguka. Mama aliomba nimsomee kwa Kiswahili. Nilimsomea mstari wa kwanza, wa pili nikauruka.

Mama hakutunza mzee mwingine. Alisafisha vyoo vya ofisi mpaka mgongo ukamgomea, na yule mwenye kucheka mpaka akafuta machozi kwa kanga sikumwona tena.

Miaka mingi nilijipa moyo kwamba lilikuwa kosa la lugha. Mtoto mdogo, neno gumu, Kiingereza hakina mahali pa kuliweka. Nimewahi hata kulisimulia hivyo kwenye meza za watu, wakatikisa vichwa kwa huruma. Nimeombwa mara mbili kuwa mkalimani, mara moja mahakamani, nikakataa, wakadhani ni unyenyekevu. Lakini ninyi mmesoma hapo juu. Nilijua kulieleza. Nilishalieleza, jikoni kwa Bi Nora, vizuri kabisa, siku ambayo halikunigharimu kitu. Pale hospitali nilielewa swali, na nilielewa kwamba mama akiwa ndiye mwenye kosa, hakuna atakayeniuliza mimi. Yule mzee aliyelala sakafuni na nyonga iliyovunjika alinipa uongo mdogo wa kunikinga. Ungemkinga na mama; nami nikautupa, nikajikinga mimi peke yangu.

Nilipotoka pale dukani juzi niliendesha gari moja kwa moja hadi kwa mama. Alikuwa anachambua mchele, miwani imeshuka puani. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili, tangu "au umesahau" hadi kile kipande cha plasta. Hakunikatiza. Alipomaliza kusikiliza alivua miwani, akaiweka juu ya mchele, akanitazama muda mrefu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nilingoja anifukuze. Ningeshukuru.

"Ulikuwa na miaka tisa," alisema. "Umelibeba hilo tangu una miaka tisa." Akanyoosha mkono akaniwekea begani. "Pole, mwanangu."

Jibu lake nalijua. Nililijua kabla sijajua kusoma. Mama alingoja, mkono uko begani, mchele uko mezani, nami nikafungua mdomo, na halikutoka.